Kadi ya nol ya Dubai: ipi ununue, inavyokata nauli, na inapokwama

Anayeshuka Terminali 3 ya uwanja wa ndege wa Dubai huku hoteli yake iko Deira ana njia mbili za kutoka pale. Teksi ya uwanjani inaanza kuhesabu kwenye dirham 25 kabla gurudumu halijazunguka. Metro, kwa nol Silver, mojawapo ya aina za kadi ya nauli ya mji huo, inamfikisha kituo cha Union kwa dirham 3. Akibadilisha treni hapo akaingia Njia ya Kijani ya metro mpaka Baniyas Square, Gold Souq au Al Ras, ni dirham 3 zilezile. Kwa wafanyabiashara wetu wanaokuja kufunga mzigo, na kwa vijana wanaokuja kutafuta riziki, tofauti hiyo inatosha kuifanya kadi hii iwe kitu cha kwanza kununua, hata kabla ya laini ya simu.

Ila nol ina masharti yake. Haihesabu magari uliyopanda, inahesabu kanda ulizovuka na muda uliotumia. Aliyelielewa hilo anasafiri mji mzima kwa bei ndogo. Asiyelielewa anakatwa mara mbili kwa safari moja na kubaki akidai mashine imemwibia.

Jina lenyewe si geni kwetu. Nol ni neno la Kiarabu la malipo ya kusafirishwa, ndilo lilelile lililoingia kwenye Kiswahili likawa nauli. Kadi inatolewa na RTA, mamlaka ya barabara na usafiri ya Dubai, na ilianza mwaka 2009, mwaka uleule metro ilipozinduliwa tarehe 9 Septemba. Leo inalipia metro, tramu, mabasi ya RTA, boti za umma, teksi na maegesho, na baadhi ya maduka yanaipokea pia.

Tuanze na kununua, maana kosa la kwanza hutokea hapo kwenye mashine ya tiketi. Ziko aina nne: Red, Silver, Gold na Blue. Wageni wengi huchukua Red kwa sababu inaonekana rahisi kuliko zote. Ni tiketi ya karatasi, dirham 2, na juu yake unalipia safari. Lakini Red ina nauli yake: dirham 4 ndani ya kanda moja, 6 kwa kanda mbili zinazopakana, 8.50 zikizidi mbili. Silver inakata 3, 5 na 7.50. Yaani kila safari ya Red inakugharimu dirham 1 zaidi. Silver inauzwa dirham 25, na ndani yake tayari kuna salio la 19, kwa hiyo kadi yenyewe ni dirham 6. Piga hesabu: tofauti ya bei ya kadi na karatasi ni dirham 4, na kila safari inakurudishia 1. Safari ya nne mmelingana, ya tano Silver imeshakupa faida. Anayekaa Dubai siku mbili tu na kutoka mara tatu amevuka kiwango hicho.

Red ina tatizo jingine ambalo watu hawaambiwi mpaka wakwame. Inabeba hadi safari 10 na inadumu siku 90, lakini imefungwa kwenye chombo kimoja cha usafiri. Uliyoinunulia metro haitakupandisha basi. Inamfaa tu mtu mwenye safari moja au mbili za metro.

Gold inafungua behewa la daraja la juu lililoko mwisho mmoja wa treni, lenye viti vya nafasi. Nauli yake ni mara mbili: 6, 10 na 15. Kinachowaponza watu ni kwamba kadi ya Gold inakata nauli ya Gold hata ukikaa behewa la kawaida, kwa sababu geti linasoma kadi, halijui utaketi wapi. Akina mama wanaotaka utulivu hawana haja ya kuilipia. Treni ina sehemu ya wanawake na watoto kwa nauli ya kawaida, na alama yake ya waridi imechorwa sakafuni mwa jukwaa kabla treni haijafika. Upande wa pili, mwenye Silver akikutwa behewa la Gold anatozwa faini ya dirham 100. Saa za msongamano ni rahisi mno kuingia huko bila kukusudia, basi angalia maandishi juu ya mlango wa jukwaa kabla ya kusukumana.

Blue ni kadi yenye jina na picha yako. Bei ni dirham 70 na salio la 20 ndani. Kwa mgeni wa wiki moja haina maana. Kwa mkaazi ina maana kubwa, na sababu inakuja mbele.

Sasa kanda. Dubai imegawanywa kanda 7 kwenye ramani ya nauli, na ramani hiyo ipo ukutani katika kila kituo. Wengi wanaipita bila kuiangalia, na ndiyo yenye siri yote. Kutoka uwanja wa ndege mpaka Al Ras ni vituo vingi, na unabadilisha treni katikati, lakini yote ni kanda ya 5, hivyo ni dirham 3. Kutoka Al Ras kwenda Al Ghubaiba ni kituo kimoja tu, treni inapita chini ya Khori, ule mkono wa bahari unaoukata mji, na nauli ni dirham 5. Khori ndiyo mpaka: ng'ambo ya Deira ni kanda ya 5, ng'ambo ya Bur Dubai ni kanda ya 6. Urefu wa safari haukuhusika hata kidogo. Kutoka uwanja wa ndege mpaka kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall ni dirham 5 kwa sababu hiyohiyo, na mpaka Mall of the Emirates ni 7.50 kwa kuwa umegusa kanda tatu.

Ndiyo maana kwa kuvuka Khori tu, kadi uiache mfukoni. Abra, ile mashua ya mbao inayovusha watu kati ya soko la Deira na Bur Dubai, ni dirham 1, na inalipwa taslimu mkononi mwa nahodha. Weka sarafu chache tayari.

Kugusisha kadi ndiko kwenye makosa mengi zaidi, hasa ndani ya basi. Kwenye metro geti linakulazimisha: unagusisha kuingia, milango inafunguka, unagusisha kutoka, kioo kidogo kinakuonyesha ulichokatwa na kilichobaki. Uisome namba hiyo kila mara, ndiyo risiti yako. Kwenye basi hakuna geti. Kuna mashine ndogo kwenye nguzo karibu na milango, na wajibu ni wako kugusisha ukipanda na kugusisha tena ukishuka. Mtu aliyezoea daladala au matatu, ambako ukishampa konda chake umemaliza, husahau la pili. Matokeo ni kwamba mfumo haujui umeshukia kanda gani, kwa hiyo unahesabu kana kwamba ulikwenda mbali kuliko wote, na uhusiano kati ya basi hilo na metro unayoingia baadaye unapotea. Safari ya dirham 3 inakuwa ya 7.50 halafu nauli nyingine juu yake.

Usigusishe kushuka mapema, basi likiwa bado liko mwendo na kituo hakijafika. Kadi iliyokwisha kufunga safari ni sawa na kadi ambayo haijalipa, na wakaguzi hupanda na mashine za mkononi. Kusafiri bila kadi iliyogusishwa ni faini ya dirham 200. Kutumia kadi iliyokwisha muda ni 200 pia, na vilevile kutumia kadi ya mtu mwingine yenye jina lake. Na watu wawili hawawezi kupita kwa kadi moja kwenye safari moja, hata kama ni mke na mume na salio linatosha. Kila mmoja anunue yake. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi.

Mashine ikikataa, kabla ya kulaumu kadi, itoe kwenye pochi. Kadi za benki za siku hizi nazo zina chipu ya kugusisha. Mashine ikiona chipu mbili kwa wakati mmoja ama inakataa zote ama inachelewa, na nyuma yako foleni inakua. Ishike kadi bapa juu ya alama, itulize kama sekunde moja, usiipepee. Kadi iliyokunjwa au kutobolewa ili itiwe kamba ya shingoni huwa imekufa, kwa sababu ndani ya plastiki kuna waya mwembamba unaozunguka kingo zake, na huo ndio antena inayoipa chipu nguvu. Ukikatika mahali pamoja tu, chipu haipati umeme wala haisomeki. Anayetaka kuivaa shingoni anunue mfuko wake wa plastiki.

Kitu kizuri kuliko vyote kwenye nol, na ambacho hata wakaazi wa muda mrefu hawakitumii vizuri, ni kuunganisha safari. Basi, kisha metro, kisha basi tena, yote inahesabiwa kuwa safari moja ikiwa unabadilisha ndani ya dakika 30 tangu ulipogusisha kushuka, hubadilishi zaidi ya mara 3, na safari nzima haizidi dakika 180. Kwa hiyo mtu anayetoka mtaa wa ndani kwa basi linalowaleta abiria kwenye metro, akateremka Union, akaendelea kwa treni na kumalizia kwa basi jingine, analipa kwa kanda alizopita na si kwa magari matatu. Akipitia chai akakaa dakika 40, saa imeisha na nauli mpya inaanza. Hakuna onyo lolote. Basi likichelewa kituoni, dakika zinazopotea ni zako vilevile, na hapo mfumo unamwonea abiria.

Kujaza salio kuna vizuizi vilivyoongezeka. Tangu Januari 2024 kiwango cha chini cha kujaza ni dirham 20, zamani kilikuwa 5. Tangu Agosti 2024, ukienda kaunta ya tiketi kwa mhudumu, kiwango ni 50. Kwa mfanyakazi anayehesabu kila dirham mwisho wa mwezi, hilo linauma. Tumia mashine badala ya kaunta: bonyeza kitufe cha Kiingereza, weka kadi mahali pake, chagua kiasi, ingiza noti au kadi ya benki, na usiiondoe nol mpaka kioo kionyeshe salio jipya. Anayeinyakua mapema huacha pesa imelipwa na chipu haijaandikwa.

Salio, kwa kadi hizi zilizozoeleka, limeandikwa kwenye chipu yenyewe. Ndiyo maana ukijaza kupitia tovuti, pesa haionekani papo hapo. Imetoka benki lakini inasubiri kadi iguse mashine ili iandikwe. Watu wengi huona geti limewakataa wakadhani wametapeliwa, kumbe kinachotakiwa ni kuipeleka kadi kwenye mashine ya tiketi ikaichukue pesa yake. Programu ya nol Pay kwenye simu yenye NFC, yaani inayoweza kusoma kadi kwa kuigusa, inakwepa usumbufu huo: unaweka kadi nyuma ya simu na salio linaandikwa hapohapo. RTA imetangaza kuhamia mfumo ambao salio linakaa kwenye akaunti badala ya kwenye chipu, na hilo litaondoa shida hii moja kwa moja.

Usiliache salio lishuke chini ya 15. Nauli ndefu ya kwenda ni 7.50 na ya kurudi ni 7.50, na foleni ya mashine saa 11 jioni si mahali pa kugundua kuwa umebakiwa na dirham 6.

Wakaazi huuliza sana kuhusu pasi, yaani kulipa mara moja ukasafiri kwa siku kadhaa bila kukatwa nauli kila safari. Pasi ya siku 30 ni dirham 140 kwa kanda moja, 230 kwa kanda mbili, 350 kwa kanda zote. Ukigawa kila moja kwa nauli ya kwenda na kurudi, jibu linakuja karibu lilelile: siku 23 na kitu. Maana yake anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, kama siku 26 kwa mwezi, anapata faida: kwa kanda mbili angelipa 260, pasi inamwokolea 30. Anayefanya kazi siku 5, kama siku 22, pasi inamtia hasara isipokuwa awe anatembea na siku za mapumziko. Pasi ya siku 7 (50, 80 na 110) haimfai mtu wa kwenda na kurudi tu, kwa kuwa hata akisafiri siku zote 7 angetumia 42, 70 au 105. Inamfaa anayezunguka madukani mara tatu nne kwa siku. Pasi ya siku moja ni dirham 20, na inalipa kuanzia safari ya tatu ndefu.

Kuhusu kupotea: Silver haina jina. Anayeiokota ndiye mwenye salio, wala hakuna ofisi itakayokurudishia. Ndiyo sababu hatushauri kuweka mamia ya dirham au pasi ya mwezi ndani yake. Blue ukiipoteza unatoa taarifa, inafungwa, na salio lako linahamishiwa kadi mpya. Mwanafunzi anapata punguzo la nusu ya nauli kupitia Blue peke yake. Mkaazi anayenunua pasi za mwezi basi aombe Blue, zile dirham 70 zitajilipa siku moja atakapoiacha kwenye kiti cha basi.

Nol ina mpaka, na mpaka huo ni wa emirati. Mabasi ya RTA ya kwenda Abu Dhabi, E100 kutoka Al Ghubaiba na E101 kutoka Ibn Battuta, yanalipwa kwa nol, dirham 25 kwa upande. Ukishashuka Abu Dhabi, mabasi ya mjini yanataka kadi yao inayoitwa Hafilat. Sharjah nayo ina kadi yake, Sayer. Nchi moja, mwendo wa saa moja na nusu barabarani, kadi tatu mfukoni. Hii ndiyo kasoro yake kubwa kuliko zote, na inawagusa zaidi wanaolala Sharjah kwa kodi nafuu na kufanya kazi Dubai. Anayekwenda Abu Dhabi na kurudi ajaze dirham 50 kamili kabla ya kuondoka, maana dereva hapokei pesa taslimu.

Saa za metro nazo zinahusu nol, kwa kuwa kadi iliyojaa haisaidii kituo kikiwa kimefungwa. Treni zinaanza saa 11 alfajiri Jumatatu mpaka Jumamosi na kwenda hadi saa 6 usiku, Ijumaa hadi saa 7 usiku. Jumapili zinaanza saa 2 asubuhi. Anayetua Jumapili alfajiri atakaa uwanjani au achukue teksi. Na Terminali 2 haina kituo cha metro kabisa.

Mizigo pia ina kipimo: begi kubwa moja lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja la 55 kwa 38 kwa 20. Aliyekuja na begi mbili za namna hiyo anaingia bila swali. Akimaliza manunuzi ya Deira akatokea getini na marobota ya vitenge na maboksi ya simu, walinzi watamrudisha, na hiyo safari ya mwisho aipangie teksi au wakala wa kago tangu mapema.

Salio likibaki siku ya kuondoka, maduka ya Zoom ndani ya vituo yanapokea nol, ila maji utakayonunua uyanywe ukishatoka nje, kwa sababu kula au kunywa ndani ya metro ni faini ya dirham 100. Au liache lilivyo. Silver inadumu miaka 5, na ukirudi mwakani unaipitisha getini bila kulipia kadi nyingine.